Mkunjo au Mteguko? Historia Fupi ya Istilahi za Metali Iliyofuliwa

Kisiwani Pemba yamo maandishi mawili ya kale ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na wanahistoria peke yao. Ya kwanza yako Msuka, kaskazini mwa kisiwa, katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini: ndani ya mihrabu umechanjwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1413 au 1414 Miladia. Ya pili yalipatikana Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, mwaka 1984, pale ilipofukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu hizo za fedha zimepigwa majina ya watawala wa mwambao kwa herufi za Kiarabu.

Mwanahistoria huyasoma maandishi hayo ili apate tarehe na majina. Sisi twaomba msomaji ayatazame kwa jicho jingine, yaani namna herufi zilivyoingia katika kitu chenyewe. Aliyeuchanja mwaka ule pale Msuka aliondoa kitu. Kila mstari wa tarakimu ni mahali palipomeguka, na vumbi lake lilianguka sakafuni na kufagiliwa. Aliyezipiga sarafu za Mtambwe hakuondoa chochote. Kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri, kikafunikwa na muhuri wa pili, kikapigwa nyundo. Na lau kingepimwa kabla ya pigo na baada yake, uzito ungekuwa ule ule. Fedha ilihama. Ilitoka palipobonyezwa ikapanda ikawa herufi, ingawa haikuyeyushwa wala haikuacha kuwa kitu kigumu.

Kitu kigumu huhamaje bila ya kuvunjika? Swali hilo lilijibiwa na wanasayansi mwaka 1934, na jibu lao lilithibitishwa kwa macho mwaka 1956. Twalieleza hapa kwa sababu istilahi za jambo hili zingali zinayumba katika Kiswahili, na kwa maoni yetu haiwezekani kuziteua vyema bila ya kujua jinsi lugha nyingine zilivyozipata, na mahali zilipojikwaa.

Tuanze na maneno tuliyo nayo, maana si machache. Mhunzi hufua chuma. Mfua fedha na mfua dhahabu hufua madini yao. Na kitenzi hicho hicho hutumika kwa nguo zinazopigwa juu ya jiwe na kwa nazi inayotolewa makumbi. Asili ya matumizi yote hayo ni pigo au shinikizo. Juu ya fuawe mhunzi hutumia nyundo na koleo, na pembeni ana mivukuto ya kuchochea moto. Lugha hutenga chuma cha kufua na chuma cha kusubu, yaani kile kinachopata umbo kwa nyundo na kile kinachomiminwa katika kalibu kikiwa maji. Tena ina neno pua kwa chuma kigumu cha kutilia makali. Msamiati huu haukuletwa na shule za ufundi. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia huko Sicily mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi na Mombasa kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma, na ni vigumu kufikiri kuwa watu hao walifanya biashara hiyo bila ya maneno yake. (Mpiga chapa wetu tunamsihi asichanganye fuawe ya mhunzi na fuwele ya mwanakemia, kwani katika ukurasa mmoja wa makala haya yatakutana mara nyingi.)

Ujuzi wa mhunzi ulitosha kazi yake. Alijua kwamba shaba ikigongwa ikiwa baridi huzidi kuwa ngumu kila pigo, mwishowe hupasuka, na kwamba ikirudishwa motoni kabla ya hapo hulainika na kukubali nyundo tena. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hilo darasani bila ya gharama. Achukue kipande cha waya wa shaba akikunje mahali pamoja, kisha akinyoshe. Mahali palipokunjwa patakataa kunyoka kwa urahisi ule wa kwanza, na akirudia mara kadhaa waya utakatika papo hapo. Mkono wa mwanafunzi wenyewe utakuwa umepima kitu ambacho wataalamu wa Ulaya walikitafutia sababu kwa muda mrefu.

Katika karne ya 19 wahandisi wengi waliamini kwamba chuma chema kina nyuzi kama mti, na kwamba ekseli ya gari la moshi ikivunjika baada ya kazi ndefu ni kwa kuwa chuma chake kimegeuka kuwa fuwele. Imani hiyo ilibomolewa na Ewing na Rosenhain huko Uingereza, mwaka 1899 na 1900. Walisugua uso wa metali hadi ukang'aa, wakauvuta huku wakiuangalia kwa hadubini, wakaona mistari myembamba sambamba ikitokea ndani ya kila chembe. Kila mstari ulikuwa kidaraja kidogo, mahali ambapo bapa moja la metali limeteleza juu ya jingine. Basi metali ilikuwa fuwele tangu mwanzo, na ilibaki fuwele baada ya kuvutwa. Mwaka 1912 majaribio yaliyoanzishwa na Laue kwa mionzi ya eksirei yalionyesha kwamba atomi za fuwele zimepangwa safu kwa safu, kwa vipimo visivyobadilika.

Hapo ndipo tatizo lilipokua. Frenkel, mwanafizikia wa Urusi, alikokotoa mwaka 1926 nguvu inayohitajika ili bapa zima la atomi liteleze kwa pamoja juu ya bapa lililo chini yake. Jawabu lake lilikuwa kubwa kupita kiasi. Fuwele safi ya shaba hukubali kuteleza kwa nguvu iliyo ndogo kuliko hesabu hiyo mara elfu na zaidi. Kwa hesabu ya Frenkel, hakuna mfua fedha wa Mtambwe ambaye angaliweza kupiga sarafu hata moja kwa nyundo ya mkono.

Ufumbuzi ulitolewa mwaka 1934 na watu watatu, kila mmoja kwa njia yake: Taylor huko Uingereza, na Orowan na Polanyi waliochapisha kwa Kijerumani. Wote walisema jambo moja, kwamba bapa haliteleki lote kwa pamoja. Msomaji aufikirie mkeka mpana, au zulia zito la msikitini. Anayetaka kuusogeza kidogo kuelekea kibla hawezi kuuvuta wote kwa mkono mmoja, kwa sababu kila sehemu yake imeshika sakafu. Lakini akiinua mkunjo mdogo katika ukingo mmoja na kuusukuma kwa mguu hadi ukingo wa pili, mkeka mzima utakuwa umesogea. Wakati wowote ule sehemu iliyokuwa ikisogea ni ile ya mkunjo tu. Nyuma ya mkunjo mkeka umelala sawa kama ulivyokuwa, isipokuwa umehama. Na mbele yake umelala sawa vilevile, haujahama bado. Ndivyo ilivyo ndani ya fuwele. Upo mstari unaotenga sehemu ya bapa iliyokwisha kuteleza na sehemu ambayo haijateleza. Kando ya mstari huo atomi zimebanana upande mmoja na kutanuka upande wa pili, kwa kuwa imejichomeka safu moja zaidi isiyofika chini. Mstari ukipita, safu za nyuma yake hurudi katika mpango kamili, kila atomi ikiwa na jirani mpya.

Mwendo wa mstari mmoja ni mdogo sana. Katika shaba, umbali wa atomi na jirani yake ni kiasi cha robo ya nanomita, yaani robo ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Ili metali iteleze milimita moja kwa jumla, lazima ipite mistari inayokaribia milioni 4. Kwa hiyo pigo moja la nyundo huamsha umati wa mistari hiyo, na pia huizalisha. Frank na Read walieleza mwaka 1950 jinsi kipande cha mstari kilichoshikwa ncha mbili kinavyoweza kujipinda kama upinde, kikatoa pete baada ya pete bila ya kwisha.

Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona mistari hiyo ikitembea ndani ya metali. Bragg na Nye walikuwa wamechapisha mwaka 1947 mfano wa mapovu ya sabuni yenye ukubwa mmoja yanayoelea juu ya maji. Mapovu hayo hujipanga kama atomi, na yakisukumwa, mkunjo huonekana ukikimbia kati ya safu. (Twawapendekezea walimu mfano huu, kinachohitajika ni beseni, sabuni na mrija mwembamba.) Mwaka 1956 Hirsch, Horne na Whelan huko Cambridge walipitisha elektroni katika utando mwembamba sana wa alumini, wakaiona mistari yenyewe, na wakaiona ikitembea. Mwaka huo huo Bollmann huko Geneva aliionyesha katika pua isiyoshika kutu.

Sasa tuje kwenye majina. Kwa zaidi ya miongo miwili kitu hiki kilikuwa na jina bila ya kuonekana, na jina lake lilikuwa la kuazima. Mwitalia Volterra, mwanahisabati, alikuwa amechunguza mwaka 1907 kitu tofauti: pete ya kitu chenye mnyumbuko iliyokatwa, ikasogezwa kando moja ya mkato, kisha ikagandishwa tena. Aliita hali hiyo kwa neno lenye maana ya upotoshaji. Love, alipoyaeleza mambo hayo kwa Kiingereza, aliacha neno la Volterra akachukua lile litumikalo na matabibu kwa kiungo kilichotoka mahali pake. Taylor alilikuta neno hilo likiwa tayari katika hisabati, akalitia katika metali. Wajerumani walipita njia nyingine: Dehlinger, mwaka 1929, alitumia neno lenye picha ya vitu vilivyonasana kama kulabu, na hatimaye lugha yao ikakaa na neno lenye maana ya kuhamishwa mahali. Polanyi katika kichwa cha makala yake ya 1934 alizungumzia namna ya vurugu ya mpango inayoweza kuifanya fuwele iwe ya kufinyangika. Kwa mizani yetu, kichwa hicho chaeleza zaidi kuliko istilahi zote zilizofuata, kwani chataja vurugu na faida yake katika tamko moja.

Mfasiri wa Kiswahili anayefuata Kiingereza neno kwa neno hufika kwenye mteguko, kutoka kuteguka kwa kiungo. Neno hilo lina sifa: ni fupi, ni la Kibantu, na kila mtu analijua. Hata hivyo twaona kwamba lapotosha mahali muhimu kuliko pote. Mguu ulioteguka hubaki umeteguka hadi urudishwe na mjuzi, na anayeteguka hawezi kutembea. Mstari tunaouzungumzia hutembea, tena huacha nyuma yake mpango uliokamilika. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa metali iliyofuliwa imejaa miteguko atafikiri kila pigo la nyundo limeacha atomi nje ya mahali pake kote lilikopita, na hapo atakuwa amekosa kiini cha somo lenyewe.

Neno mtenguko lina udhaifu huo huo, na ofisini lina jingine, maana mtumishi wa serikali akisikia kutengua huwaza uteuzi.

Sisi twaegemea mkunjo. Zipo hoja mbili nzito dhidi yake, na ni haki zitajwe. Kwanza, walimu wa jiografia wana mikunjo yao ya miamba, na mafundi wa bati wana mikunjo ya mabati. Jibu letu ni kuandika mkunjo wa fuwele kila neno litokeapo mara ya kwanza katika andiko, na mkunjo peke yake baadaye. Pili, na hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi, mstari wa namna hii uko wa aina mbili, na picha ya mkeka yaeleza aina moja tu. Katika aina ya pili hakuna safu iliyojichomeka. Mabapa ya atomi yanazunguka mstari kama ngazi ya mnara, na anayelizunguka bapa mara moja hujikuta ghorofa ya juu yake. Hapo hakuna kilichokunjwa. Tungeweza kuita aina ya kwanza mkunjo wa ukingo na ya pili mkunjo wa parafujo, tukikubali kwamba katika ya pili neno limevuka picha yake, kama kufua lilivyovuka pigo la nyundo likafika kwenye mashine ya nguo. Mwenye neno linalobeba aina zote mbili bila ya kuomba radhi, tutamshukuru.

Lakini uteuzi kati ya mkunjo na mteguko ni mdogo ukilinganishwa na ule wa neno la kundi zima. Mikunjo, atomi zinazokosekana na atomi zilizojipenyeza huwekwa pamoja chini ya neno moja la Kiingereza, ambalo wafasiri hulifasiri kasoro. Neno hilo la Kiingereza lilitoka kwa watu waliopima kila fuwele kwa fuwele ya mawazoni, isiyo na upungufu wowote. Katika hesabu zao halina lawama. Kwetu kasoro ina lawama, tena ina hesabu: tunaposema saa mbili kasoro robo, tumepunguza. Atomi ikikosekana mahali pake, kweli fuwele ni kamili kasoro atomi moja. Lakini mkunjo wa ukingo una safu iliyozidi. Kuuita kasoro ni kusema robo imepungua palipozidi robo.

Hili si suala la walimu peke yao. Afisa ununuzi anayesoma katika hati ya zabuni kwamba bidhaa ziwe bila ya kasoro, kisha akasoma katika maelezo ya kitaalamu kwamba nyaya zilizoletwa zina kasoro nyingi kwa sababu zimevutwa baridi, ana haki ya kuzikataa. Na angekuwa amekataa nyaya nzuri. Kuvutwa baridi ndiko kulikozipa nguvu. Taylor alilieleza tangu 1934: mikunjo ikizidi, kila mmoja husukumana na mwenzake na kuzuiliana njia, kama watu waliojazana mlangoni, na nguvu inayotakiwa kuisogeza huongezeka. Katika sentimita moja ya ujazo ya metali iliyolainishwa vyema kwa moto, mikunjo yote ikiunganishwa ncha kwa ncha yaweza kufika urefu wa kilomita 10 hivi. Katika metali ile ile iliyofuliwa sana ikiwa baridi, urefu huo waweza kufika kilomita milioni moja, umbali unaozidi kwenda mwezini na kurudi. Sehemu kubwa ya kazi ya nyundo hugeuka joto, na sehemu ndogo hubaki imefungiwa humo ndani. Mikunjo inapokatana huacha pia mapengo ya atomi nyuma yake. Moto wa mhunzi huzipa atomi nafasi ya kuhama, mapengo yakajazwa, mikunjo mingi ikafutana, na chembe mpya laini zikakua mahali pa zile zilizochoka.

Tena fuwele isiyo na mikunjo si njema kwa kila kazi. Mwaka 1952 Herring na Galt, huko Marekani, walipima vinyweleo vyembamba vya bati ambavyo vilikaribia ukamilifu, wakakuta vina nguvu inayokaribia hesabu ya Frenkel. Jembe lililotengenezwa hivyo lisingefulika kwa nyundo yoyote ya kijijini. Kwa hiyo kile kinachoitwa kasoro ndicho kinachomwezesha mhunzi kufanya kazi yake, na kikizidi ndicho kinachoipa kazi hiyo ugumu wake.

Kwa sababu hizo twapendekeza hitilafu kwa kundi zima. Twajua kuwa katika mitambo hitilafu nayo imekaribia kuwa ubovu, kama katika hitilafu ya umeme, lakini maana yake ya asili, kutofautiana, ingali hai katika usemi wa kila siku: watu wawili wana hitilafu bila ya mmoja wao kuwa mbovu. Hitilafu za fuwele basi ni mahali mpango unapotofautiana na kanuni yake. Chini yake, atomi inayokosekana iitwe pengo. Wako waliopendekeza nafasi wazi, nasi twaikataa bila ya kusita, maana wizarani nafasi wazi huleta barua za maombi. Atomi iliyojibana kati ya nyingine iitwe mpenyezi. Sehemu ya fuwele iliyogeuka ikawa kama sura ya mwenzake katika kioo iitwe pacha, na hapa lugha zote tulizozitazama zimekubaliana. Kuteleza kwa bapa kuitwe mtelezo.

Kwa kazi yenyewe hatuna haja ya kubuni. Kufua baridi na kufua motoni yanatosha, na twawaomba wafasiri waache maneno marefu ya mgeuko wa umbo pale ambapo fundi angesema kufua. Limebaki pengo moja katika orodha yetu: kitendo cha kuirudisha metali motoni ili ilainike, kisha kuiacha ipoe polepole, bila ya kuitosa majini. Kulainisha kwa moto ni maelezo, si jina. Wasomaji wetu walio jirani na mafundi wa chuma, fedha na shaba, wa Msuka na Konde kama wa mahali pengine popote mwambaoni na bara, wakilisikia neno moja linalotumika kwa kitendo hicho watuandikie, wakitaja mahali liliposemwa na kazi iliyokuwa ikifanywa.